Lita Bila Chupa

Baba hakuwahi kuikubali lita. Kule kwetu Bura alipima maziwa kwa painti, kwa kikombe cha bati chenye mpini mrefu ambacho fundi mmoja alikitengeneza kabla mimi sijazaliwa. Painti nane ni galoni. Galoni nne ni debe. Hesabu hiyo baba angekujibu hata ukimwamsha usingizini. Lita zilipoanza kuandikwa madukani alisema zitaondoka kama zilivyokuja, akaendelea na kikombe chake, na mpaka leo ninapoandika haya bado anacho.

Shuleni hatukuwa na hiari. Nilipofika darasa la tano vitabu vya hesabu vilibadilishwa, yadi na ratili na painti zikaondolewa, tukaletewa meta, kilo na lita. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwembamba aliyependa chaki kuliko fimbo. Asubuhi moja aliingia na boksi dogo la karatasi ngumu alilojitengenezea mwenyewe, akaliweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyeweka keki.

"Hii ndiyo lita," akasema.

Tukaangalia. Mvulana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, hiyo ni boksi."

"Ni boksi, ndiyo. Kuna nini ndani?"

"Hakuna kitu."

"Basi hicho kisicho kitu, ndicho lita. Lita ni nafasi. Ukiijaza maji, ni lita ya maji. Ukiijaza maziwa ya baba yake huyu," akanionyesha mimi, "ni lita ya maziwa. Lakini nafasi ni ile ile."

Darasa likacheka, mimi nikajisikia mtu mkubwa.

Kisha akatueleza ilikotoka. Zamani huko Ulaya, alisema, kila soko lilikuwa na kipimo chake, kama vile kibaba cha muuza mahindi wa Taveta kisivyolingana na kibaba cha mwenzake wa Voi. Wafaransa wakachoka kuibiana. Wakataka kipimo ambacho hakikutoka kwenye mkono wa mfalme wala mguu wa tajiri yeyote, ndipo wakaamua kuipima dunia yenyewe. Walihesabu umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta, wakaugawa kwa milioni kumi. Fungu moja wakaliita meta. Chukua sehemu ya kumi ya hiyo meta, yaani sentimita kumi, fanya nayo boksi: sentimita kumi upana, kumi urefu, kumi kwenda chini. Jaza maji. Hiyo ni lita, na maji hayo ukiyapima kwenye mizani yatakuwa kilo moja. Jina lenyewe walilitoa kwenye kipimo chao cha zamani, na hicho nacho kilikuwa kimeazima jina kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa jina la uzito.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuota mchana. Nilirudi nyumbani nikiwaona watu wameshika kamba ndefu kutoka kwenye barafu, wanakuja nayo jangwani, wanavuka mito, mpaka Kenya, maana kitabuni ikweta ilipita kwetu. Nikamwambia baba kwamba sasa maziwa ya ng'ombe wetu yanapimwa na dunia nzima.

"Dunia nzima haijui kukamua," akasema baba, akaendelea na kazi yake.

Masomo yangu yaliishia darasa la saba. Nikapelekwa Voi kujifunza kushona kwa mama mmoja aliyekuwa na cherehani mbili karibu na stesheni ya reli. Nilipenda kazi ile. Mchana kutwa nilikaa na tepu shingoni, upande mmoja inchi, upande mwingine sentimita, nikiwaza duka langu mwenyewe lenye kioo mbele na jina langu kwa rangi ya samawati. Mwalimu wangu wa kushona alitumia inchi tu. Zile sentimita nilizitazama mwenyewe, kama mtu anayemjua mgeni ambaye wengine hawamsalimu.

Dada yangu wakati huo alikuwa ameolewa Wusi, huko juu milimani, na alikuwa na mtoto wake wa kwanza, msichana wa miezi minane. Jumamosi moja mama anayeleta kabeji Voi kutoka Wusi alipita dukani akaniambia, "We binti, mtoto wa dada yako anaharisha. Leo siku ya tatu. Dada yako anasema kama unaweza, panda." Mwalimu wangu akaniruhusu kabla sijamaliza kuomba. Nikapanda milimani na lori la mboga alilokuja nalo, nimekaa juu ya magunia matupu, tepu bado ninayo shingoni maana nilisahau kuivua.

Lazima niieleze nyumba ile. Mama mkwe wa dada alikuwa mtu wa wokovu, wa wale wa zamani walioimba mpaka mabati yakatetemeka. Pombe haikuingia kwake, tumbaku haikuingia, na hata chupa iliyowahi kubeba pombe haikuvuka kizingiti chake. Sisi wa Bura chupa ya bia kwetu ilikuwa chupa tu, ya mafuta ya taa, ya asali, ya maziwa. Yeye hapana. Simcheki. Mumewe alikuwa mlevi miaka mingi kabla ya kuokoka, na chupa zile alizijua vizuri kuliko sisi.

Nilimkuta uani amembeba mjukuu mgongoni.

"Karibu, binti wa Bura," akasema. "Umekuja kutupima nguo?"

Nikashika tepu, nikaona aibu. "Shikamoo mama. Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa anatibiwa. Dawa ninamtengenezea mwenyewe kwa mkono wangu, hii ya sista wa dispensari. Njoo uone."

Alinionyesha kwa fahari, na nina hakika hakukosea hatua hata moja kwa jinsi alivyoielewa. Maji yalikuwa yamechemshwa na kupoa kwenye sufuria iliyofunikwa. Akajaza chupa ya kwanza, akaimimina kwenye jagi. Akajaza ya pili, akaimimina. Akachukua kijiko cha chai, akatia chumvi, akaisawazisha kwa mgongo wa kisu kama sista alivyofundisha siku hizo. Kijiko kimoja. Kisha sukari, vijiko vinane, kila kimoja kimesawazishwa. Akakoroga huku akiomba kwa sauti ndogo.

Mtoto akapewa kwa kijiko. Alikinyakua, akameza, akalia. Akapewa tena, akatapika. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia sikuona chozi. Alikuwa analitazama lile jagi kama mtu mwenye kiu, lakini kila alipopewa alikunja uso.

Nilichovya kidole nikaonja. Yalikuwa makali ya chumvi, yanakata ulimi.

Dada aliniita nyuma ya jiko, eti nimsaidie kuni.

"Umeonja?" akaniuliza.

"Nimeonja. Mbona ni chumvi tupu?"

"Sista alipotufundisha alitumia chupa mbili za bia. Alisema, bia mbili ni lita moja, kila nyumba inazo, mtu asiseme hana kipimo. Akina mama wakacheka. Huyu wangu hakucheka. Tulipofika nyumbani akatoa zile chupa mbili."

Hapo ndipo nilipozitambua. Zilikuwa chupa za soda, zilizobaki siku ya harusi ya dada mwenyewe, mama mkwe akaziosha na kuziweka kabatini kama ukumbusho.

"Hukumwambia ni ndogo?"

"Nilimwambia siku ya kwanza. Akasema chupa ni chupa, mbili ni mbili. Nimwambie mara ngapi? Mimi ni mke wa mwanawe."

"Basi jirani yule wa chini hana za bia? Niende nikaazime?"

Dada akanitazama kama nimesema nikaazime nyoka. "Wewe Jumatatu utarudi Voi. Mimi nitabaki hapa na hizo chupa."

Dispensari ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Hospitali ilikuwa mbali, na njia ilikuwa ya matope. Mume wa dada alikuwa kazini Mombasa. Tukakubaliana kwamba tukimwona mtoto amelegea zaidi tutambeba tu, mama akubali asikubali. Lakini kwanza nijaribu mimi, kwa kuwa mimi ni mgeni, na mgeni akikosea husamehewa.

Nikarudi uani. "Mama," nikasema, "naona kama maji ya dawa yanataka kuongezwa kidogo."

"Yaongezwe?" Alinigeukia taratibu. "Sista amesema kipimo ni kipimo, tusizidishe wala tusipunguze. Unataka kuizimua dawa ya mtoto?"

"La, mama. Ila sista alisema lita moja, na hizo chupa..."

"Lita ni chupa mbili. Nilikuwa pale. Wewe ulikuwa Voi."

"Lita si chupa, mama. Chupa za bia alizitaja kwa sababu kila mtu anazo."

"Si kila mtu."

"Ndiyo mama. Si kila mtu."

Mtoto alilia kwa sauti kavu, kama mlango unaofunguliwa polepole. Mama mkwe akamtikisa mgongoni, akalivuta jagi karibu naye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshikilia kile kipimo kwa sababu ndicho kitu pekee alichopewa cha kushikilia.

"Haya niambie," akasema, "kama lita si chupa, lita ni nini?"

Sijawahi kuulizwa swali lililonifurahisha na kunitisha kwa pamoja kama lile. Nikamwambia. Nilimwambia habari za boksi, sentimita kumi pande zote, na maji ndani yake. Zile habari za Wafaransa na ncha ya dunia niliziacha, nikiona si wakati wake.

"Mama, naweza kukutengenezea lita ambayo haijaguswa na pombe. Lita bila chupa kabisa."

"Kwa hiyo tepu ya nguo?"

"Kwa hii."

"Unataka kumshonea mtoto maji!" Akacheka, cheko fupi la kuchoka. "Haya, shona. Lakini nikiona ni uongo wa Voi, utayanywa wewe yote."

Dada akanipa katoni ya sabuni. Nikakata vipande vitano, kila kimoja sentimita kumi kwa kumi, nikapima mara mbili kila upande kama ninavyopima kola. Sindano na uzi nilikuwa navyo kwenye mkoba. Nikashona kona zote nne na kitako, mishono ya karibu karibu, nikatandika ndani karatasi ya nailoni iliyokuwa na unga. Nilipomimina maji mara ya kwanza boksi likafura tumbo kama ng'ombe aliyekula majani mabichi.

"Lita yako ina mimba," akasema mama mkwe.

Nikamwaga, nikaliweka boksi katikati ya karai, nikashindilia udongo pande zote nne mpaka likasimama wima. Nikajaza tena. Sasa lilikaa, maji yamefika ukingoni sawasawa.

"Nitajuaje ni kweli?" akauliza. Hakuwa anacheka tena.

"Una mizani, mama?"

Alikuwa nayo. Alikuwa mtunza mizani wa kikundi cha akina mama wanaouza mboga, ile ya kuning'inia yenye uso kama saa. Waliichangia baada ya kuibiwa sana na wanunuzi waliokuja na mizani zao wenyewe, na tangu ilipofika, neno la ile mizani lilikuwa la mwisho Wusi nzima. Akaitundika mwenyewe kwenye boriti ya kibanda cha mboga, akagonga kioo, akahakikisha mshale uko kwenye sifuri.

"Lita moja ya maji ni kilo moja," nikasema. "Ikizidi ama ikipungua sana, mimi ni mwongo."

Tukainyanyua nailoni na maji yake kutoka kwenye boksi, dada akaifunga mdomo kwa uzi, tukaitundika. Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukatulia unywele mmoja chini ya kilo. Unywele ule ulikuwa mikunjo ya nailoni, nikamweleza, lakini hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anautazama mshale.

Nilijua la kufuata, na sikutaka kulisema. Akalisema yeye.

"Lete zile chupa."

Dada akazijaza maji zote mbili, akayamimina kwenye nailoni nyingine, akaifunga, akaitundika. Mshale ukapanda, ukavuka nusu kilo kidogo, ukasimama hapo. Mama mkwe aliugonga ule uso wa kioo kwa kidole mara moja, mara ya pili, kama wanavyofanya mboga zikionekana nyepesi kuliko jasho lao. Mshale haukusogea.

Baadaye nilijiona mjinga. Kama mizani ilikuwepo, tungepima kilo ya maji moja kwa moja, na boksi lisingehitajika, wala katoni ya sabuni, wala kushona. Lakini siku ile sikuliwaza hilo. Nadhani pia mama asingeipokea kilo peke yake. Kilo ilikuwa ya kabeji.

Alimshusha mtoto mgongoni, akampa dada. Akalichukua lile jagi, akatoka nalo mpaka kwenye migomba, akalimwaga. Alikaa huko kidogo, amempa kila mtu mgongo. Aliporudi alinawa mikono, akaweka maji mengine jikoni yachemke, tukangoja yapoe. Yalipopoa nikayapima kwa boksi, nailoni mpya, nikayamimina kwenye jagi, na kwa ncha ya msumari nikakwaruza alama pale maji yalipofika.

"Kijiko cha chumvi ni kile kile?" akaniuliza. Aliniuliza mimi.

"Ni kile kile, mama. Ulikuwa umekipima sawa."

Alikoroga, akaonja, akampa dada aonje, akanipa mimi. Yalikuwa na chumvi kidogo sana, ya kuhisi tu, na utamu nyuma yake. Mtoto akapewa kijiko cha kwanza. Akakunja uso kwa mazoea, kisha akaufungua. Akafungua na mdomo.

Tulipokezana. Kijiko kimoja, tunangoja. Kijiko kimoja, tunangoja. Akitapika tunakaa kidogo kisha tunaanza tena, maana dada alikumbuka sista alisema hivyo. Mimi sijui mambo ya udaktari na sitaki kusema lita ile ndiyo iliyomponya. Pengine ugonjwa ulikuwa umefika mwisho wake. Nilipomweleza sista siku ya Jumatatu habari za chupa za soda, aliacha kuandika, akamtazama mtoto, akaniambia, "Mmebahatika."

Lakini hiyo ni Jumatatu. Jumapili asubuhi mama mkwe alikuwa amekwisha kuvaa: gauni jeupe la ushirika wa akina mama, kitambaa cheupe kichwani, Biblia mezani na kitabu cha nyimbo juu yake. Tangu dada aolewe hakuwahi kukosa ibada hata siku ya mvua. Kabla ya kutoka akasema ampe mtoto vijiko viwili vya mwisho, akaketi kwenye kigoda, akampakata.

Tangu Ijumaa nepi ya mtoto yule ilikuwa haijalowa mkojo. Dada alikuwa akiipapasa kila mara, anaipapasa tu na kurudisha mkono. Tulikuwa tumesimama mlangoni tunamwangalia bibi anamnywesha, ndipo tukaona doa linatokea kwenye gauni jeupe, dogo kama sarafu, kisha kama sahani, kisha likateremka mpaka kwenye pindo na kuanza kudondoka sakafuni.

Dada akapiga kelele, akaruka amchukue. "Mama, gauni! Nipe nimshike!"

"Mwache."

"Mama, utachelewa, nikupe lingine..."

"Nimesema mwache." Hakuinua macho. Alikuwa ameweka kiganja chini ya pindo, matone yanamwangukia mkononi, naye anayatazama jinsi alivyoutazama ule mshale. "Mwache akojoe."

Kengele ya kanisa ikalia ng'ambo ya bonde. Akaisikiliza mpaka ikakoma.

"Wataimba bila mimi," akasema. "Wewe fundi wa maji, jagi limefika wapi?"

Nikainama nikaangalia. "Robo imebaki, mama."

"Basi pima nyingine," akasema, akachota kijiko.